Hesabu za mchangani: ushauri kwa wazazi wa Rumonge na mwambao wake

Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mama anayeanika ndagala, kwa kijana wa pikipiki au kwa shangazi anayelea watoto wa marehemu dada yake: "Mtoto huyu hesabu zimemshinda, nami sina pesa za kumlipia mwalimu wa jioni. Nifanyeje?" Mara nyingi anayeuliza huongeza, kama anayeomba radhi, kwamba yeye mwenyewe hakufika mbali shuleni.

Mtoto huyo anayesemwa kashindwa, mfuate mchangani saa kumi alasiri. Utamkuta anabishana na wenzake juu ya pointi, anagawa vizibo sawa kwa sawa, na anajua nani kamzidi na kwa ngapi. Hesabu anazo, ila hajui kwamba hizo ndizo anazoulizwa darasani, na shuleni hakuna mwenye nafasi ya kumwonyesha.

Muda upo. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa ya Burundi yalijaa hata shule nyingi zikasoma kwa zamu mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana. Mtoto wa zamu yuko nyumbani nusu ya siku. Katika nusu hiyo nakuomba robo saa tu.

## Kanuni moja kabla ya yote

Uliza swali ambalo mchezo wenyewe unalihitaji. Watoto wakibishana nani kashinda kwenye kamba, "amekuzidi ngapi?" ni swali halali, maana bila jibu ugomvi hauishi. Lakini ukimsimamisha mtoto katikati ya mruko umuulize "saba mara nane?", mchezo umeuharibu na hesabu umeipa sura ya adhabu. Kesho akikuona unakuja atahamia kwa jirani.

Kabla ya kuuliza, jihoji:

- Jibu litabadilisha kitu mchezoni, iwe pointi, zamu, mgawanyo au ushindi?
- Watoto wanaweza kulihakiki wenyewe kwa vitu vilivyo mbele yao?
- Leo nimeshauliza maswali mangapi? Yakifika mawili, yanatosha.

Hilo la kuhakiki ndilo linalomwokoa mzazi asiyesoma. Huhitaji kujua jibu. Mtoto akisema 17, wewe sema, "Haya, tuhesabu tuone." Kama kakosea, vizibo vitamwonyesha, wala hutakuwa wewe uliyemwambia kakosea. Nimeona wazazi wasiojua kusoma wakiifanya kazi hii vizuri kuliko walimu, kwa sababu hawana haraka ya kutoa jibu.

## Vya kukusanya

Usinunue chochote.

- Vizibo vya soda na bia, kama 100. Wenye vibanda huvitupa.
- Kokwa kavu za mchikichi. Rumonge ni nchi ya mawese, na kokwa hazikosekani penye mashine ya kukamulia.
- Kipande cha kamba ya nyavu zilizochakaa, mita 10 hivi.
- Kijiti cha kuandikia mchangani na kipande cha mkaa.
- Makopo mawili matatu ya ukubwa tofauti, na bido tupu.

Kizibo peke yake ni somo. Kile cha kawaida cha chuma kina meno 21. Mpe mtoto ayahesabu bila kumwambia. Atapata 19, kisha 23, kisha 20, mpaka atakapogundua kwamba lazima atie alama jino la kwanza asije akalihesabu mara mbili. Akigundua hilo amejifunza jambo ambalo mwalimu mwenye watoto 80 darasani hana nafasi ya kumfundisha mmoja mmoja.

Na sasa maonyo, msiyaruke:

- Mbegu za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzipenda kwa uzuri wake, zina sumu kali zikitafunwa. Zisiwe kete wala hela ya mchezo.
- Mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae penye vizibo na kokwa. Ataviweka mdomoni kabla hujageuka.
- Kizibo chenye kutu kitupwe.
- Msichezee kando ya barabara ya RN3. Gari linalotoka Nyanza-Lac kuwahi Bujumbura halimngojei mtoto anayekimbilia mpira.
- Msichezee ukingoni mwa maji. Ziwa lina mamba na viboko, na kiboko hupanda nchi kavu jua likizama.
- Penye ndagala za watu zinazoanikwa si uwanja. Zikikanyagwa, mtalipa.

## Mdako

Naanza na huu kwa kuwa ndio wenye hesabu nyingi kuliko yote, nao ndio unaodharauliwa. Wazazi wanaona wasichana wamekaa chini ya mwembe wanarusha mawe, wanadhani ni kupoteza wakati.

Kwa asiyeujua: mnachimba shimo dogo, mnatia mawe. Mchezaji anarusha jiwe lake juu, na kabla hajalidaka anayakokota yale ya shimoni yatoke nje. Anarusha tena, na safari hii anayarudisha yote isipokuwa moja, ambalo linakuwa lake. Anaendelea hivyo mpaka shimo likauke. Mzunguko wa pili anabakiza mawili mawili, wa tatu matatu matatu, na kuendelea.

Huko ni kugawanya kabisa. Mawe 12 yakichukuliwa mawili mawili yanakwisha kwa mara 6, matatu matatu kwa mara 4, manne manne kwa mara 3. Ukifika matano matano, mawili yanabaki, na hapo ugomvi unazaliwa: mabaki ni ya nani? Kila mtaa una sheria yake. Usiwaamulie, waache wabishane, mradi hesabu ya mabaki iwe sahihi.

Nenda nao hivi:

1. Mtoto wa miaka mitano au sita apewe mawe 6. Acheze moja moja tu kwa siku za mwanzo. Swali lako: "Shimoni yamebaki mangapi?" Alijibu kabla ya kuchungulia, kisha achungulie.
2. Akizoea, mawe 10. Funika shimo kwa kiganja: "Nje yapo manne, ndani?" Kaa hapa muda mrefu. Mtoto anayejua bila kufikiri kwamba 4 inataka 6, na 7 inataka 3, ili zifike 10, kujumlisha hakutamsumbua tena.
3. Mawe 12. Kabla ya kila mzunguko kila mmoja atabiri: mara ngapi, na yatabaki mangapi? Aliyepatia anaanza.
4. Sasa toa jiwe moja kimya kimya, yawe 11. Au ongeza moja, yawe 13.

Hatua ya nne ndiyo ninayoipenda. Kwa 11 au 13, kila mzunguko wa kuchukua zaidi ya moja unaacha mabaki. Watoto watahisi kuna kitu kibaya, watahesabu mawe upya, watashtakiana. Usiwaeleze. Siku moja mmoja atasema, "Mawe haya hayagawiki!" Miaka mingi baadaye mwalimu atamtajia namba tasa, naye atakuwa alishazigusa kwa mikono.

Wanapokosea wazazi hapa ni kumlazimisha mdogo arushe haraka kama dada zake. Mwenye mikono mizito apewe kimpira badala ya jiwe, aruhusiwe kukiacha kidunde mara moja. Tunafundisha hesabu, kudaka kutakuja.

## Chanjo za pointi, na usiku wa mbalamwezi

Kila mchezo unahitaji kuandika pointi, na hapa mtoto anajifunza kuhesabu kwa tano: mistari minne iliyosimama, wa tano unaikata. Makundi mawili ni 10. Asihesabu mstari mmoja mmoja. Aseme 5, 10, 15, kisha aongeze vilivyobaki.

Akiuliza kwa nini tusiandike namba tu, msimulie habari ya Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mashariki ya Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa mdogo uliochanjwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu moja ina chanjo 11, 13, 17 na 19. Mwambie ajumlishe, atapata 60. Wataalamu wanabishana mpaka leo chanjo hizo zilikuwa za nini. Mfupa wenyewe uko Brussels, bahati mbaya, lakini kijiti cha kuchanja mnacho hapo nyumbani.

Kijiti hicho kipeni kazi ya mwezi mzima. Watoto wa wavuvi wanajua kwamba mwezi ukipevuka taa hazivuti samaki, na maboti hupumzika ufukweni. Tangu mwezi mwandamo unapoonekana, mtoto achanje mara moja kila jioni mpaka unapoandama tena. Atapata 29 au 30. Kisha muulize swali ambalo nyumba nzima inalihitaji: "Zimebaki siku ngapi baba apumzike?" Atahesabu kwa makini, kwani ni siku za kukaa na baba yake.

## Kamba

Mfupi, lakini una siri mbili.

Siri ya kwanza: wanaohesabu wawe wazungushaji. Anayeruka ana shughuli ya pumzi. Wanaozungusha wamechoka kusimama bure.

Ya pili: waruke wawili pamoja, na kila mzunguko uwe pointi 2. Watasema 2, 4, 6, 8 bila mtu kuwafundisha. Wakiingia watatu, ni 3, 6, 9, 12. Hilo ndilo jedwali la kuzidisha, na halikaririwi kwa fimbo. Mchezo unalidai, kwa sababu kundi linalokosea kuhesabu linapoteza pointi zake.

Mengine:

- Aliyenaswa akiwa na 37 aendelee zamu ijayo kutoka 38. Watoto wengi wanajua kuhesabu kuanzia moja tu; ukiwaanzisha katikati wanapotea.
- Mara mojamoja hesabuni kurudi nyuma, kutoka 20. Ikifika sifuri, kamba iende kasi.
- Kamba nyembamba ya nailoni inachubua miguu. Zisokote mbili ziwe moja.

## Vyumba

Ule wa kuruka kwa mguu mmoja kwenye vyumba vilivyochorwa chini. Ongezeni sheria moja tu: chumba lilikotua jiwe ndicho pointi zako, na mshindi ni anayefika 20 kamili. Akizidisha, anarudi kwa kiasi alichozidisha. Mwenye 16 aliyetupa jiwe kwenye chumba cha 7 amefika 23, kazidisha 3, basi anarudi 17. Hapo mtoto ataanza kulenga. Atataka 4, atakataa 7, na kukokotoa kutakuwa kumeshafanyika kabla jiwe halijaondoka mkononi.

## Bao la mashimo

Wazee wa barazani wanalo la mbao, na Warundi wengi wanaujua mchezo huu kwa jina la ikibuguzo. Bao kamili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Likipangwa kete mbili mbili kila shimo, mkusanyo unaenea sawasawa. Mwambie mtoto ahakikishe hilo kabla ya kucheza.

Usimwanzishie mtoto huko. Atachoka, na babu atamfukuza. Chimbeni mchangani safu mbili za mashimo manne, kete tatu kila shimo: kete 24 kwa jumla. Sheria za kula muwawekee nyepesi. Kwa mfano, ukiishia kwenye shimo tupu la upande wako, unakula kete za shimo lililo mkabala.

Faida yake iko mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni kutabiri. Kabla ya kuchota, mchezaji aguse shimo anakodhani kete ya mwisho itaangukia. Kete 5 kutoka shimo hili, zitaishia wapi? Kete 9 je, katika mashimo 8? Mtoto mdogo atahesabu kwa kidole. Mkubwa atagundua kwamba 8 zinazunguka na kurudi alikoanzia, kwa hiyo 9 ni mzunguko mmoja na shimo moja mbele. Usimwonyeshe, mwache atumie ugunduzi huo siku nyingi kama hila yake dhidi ya wenzake.

Mahali pa pili ni kwamba kete hazipotei. Mchezo ukiisha mmoja akasema "mimi nina 15", mwingine asihesabu zake. Aseme kwanza ni ngapi, kisha ahesabu. Jumla isipofika 24, kuna kete iko chini ya goti la mtu.

Na ninyi akina baba, mkicheza na watoto, msiwaache washinde kila mara. Wanajua, nao wanachukia.

## Mpira na mbio

Mpira wa kusokota kwa mifuko na kamba za migomba una hesabu zake, nyingi nje ya uwanja:

- Watoto 13 wamekuja. Timu mbili za wangapi, na anabaki nani? Aliyebaki awe mwandika magoli, si mtazamaji.
- Timu nne za mitaa, kila moja ikutane na kila nyingine. Mechi ngapi? Wengi watasema 12 au 16. Wachoreeni timu kama nukta nne mchangani, waunganishe kwa mistari, wahesabu mistari: ni 6. Timu tano ni 10.
- Kushinda pointi 3, sare 1. Andikeni msimamo kwa mkaa mahali ambapo mvua haifiki.
- Timu iliyofunga 2 na kufungwa 5 ina deni la magoli 3. Watoto wa miaka tisa wanaelewa deni kabisa, hasa la mpira. Alama ya kutoa mbele ya 3 haitawatisha.

Kwa mbio, tafuteni kwanza mita. Fundi cherehani ana utepe wa sentimita 150. Mwombeni dakika tano, mpime kamba na kufunga fundo kila mita mpaka ziwe 10. Kila mtoto apime hatua zake kwenye kamba hiyo: mita 10 kwangu ni hatua ngapi za kutembea, ngapi za kukimbia? Wakishajua, wanaweza kukadiria umbali kutoka nyumbani hadi kisimani bila kamba.

Hapo watajie Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, Makamba. Mwaka 1996, huko Atlanta, aliipatia Burundi medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mita 5,000, kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Uwanja wa mbio una mita 400 kwa duru. Alizunguka mara ngapi? Mara 12 na nusu. Kamba yenu ya mita 10 ingelazwa chini mara ngapi? Mara 500. Mtoto akisikia 500 kisha akiitazama kamba, 5,000 haitakuwa tena tarakimu zilizopangwa tu.

## Duka la majani

Watoto hucheza duka bila kuambiwa. Kazi yako ni kusisitiza mambo matatu.

1. Noti ziwe na thamani za kweli. Jani la mwembe liwe faranga 500, la mgomba 1,000, kipande kirefu 5,000. Bei waulizie sokoni wenyewe.
2. Chenji irudishwe kwa kupanda, kama wafanyavyo wauzaji: kitu ni 1,300, umenipa 2,000, mia mbili inafika 1,500, mia tano inafika 2,000, chukua 700 yako. Ni rahisi kuliko kutoa kwa kuazima, nayo haikosewi.
3. Kabla ya kupima, kisieni. Bido la lita 20 litajaa kwa makopo mangapi ya kopo hili? Kiganja hiki kina kokwa ngapi? Aliyekaribia zaidi ndiye muuzaji wa zamu ijayo. Shuleni mtoto huadhibiwa kwa kukisia, lakini mtu asiyeweza kukisia hawezi kujua kwamba jibu lake la daftarini ni la ajabu.

Pimieni maji au mchanga. Unga na ndagala ni chakula.

## Ahesabu kwa lugha gani?

Kwa lugha anayochezea. Huku kwetu mtoto anacheza kwa Kiswahili, anasoma madarasa ya mwanzo kwa Kirundi, kisha anahamia Kifaransa, na wazazi wanaogopa atachanganyikiwa. Mwaka 2014 wanafunzi wa nchi kumi za Afrika walipimwa katika mtihani wa PASEC. Burundi iliongoza katika hesabu, na watoto wake wa darasa la pili waliufanya mtihani huo kwa Kirundi, lugha wanayoielewa. Kuelewa kunatangulia.

Mahali pa kusaidia ni kwenye makumi. Kirundi kinasema wazi, mirongo ibiri, mirongo itatu. Kwenye Kiswahili mtoto hukwama akitoka 29, au huchanganya sitini na sabini. Akikwama mwache aseme makumi matatu, makumi sita, mpaka thelathini na sitini zimkae. Akifika kwenye Kifaransa atakuta septante na nonante, ambazo kwa bahati nzuri zinafuata sept na neuf.

## Mnayonipinga nayo

"Atazoea mchezo, adharau daftari." Atadharau kama hujamwonyesha uhusiano, kwa hiyo usiishie mchangani. Baada ya mchezo, mara moja au mbili kwa juma, fanyeni hivi: kwanza achore kilichotokea, mawe kwa nukta, kisha aandike kwa tarakimu, 12 ÷ 5, mabaki 2, mwisho aisome sentensi hiyo akisimulia mchezo. Dakika tano. Hatua ya kuchora isirukwe, maana hapo ndipo mawe yanapogeuka kuwa namba.

"Nina kazi kutwa." Najua. Wape jukumu wakubwa. Mtoto wa darasa la sita akisimamia pointi za wadogo, yeye ndiye anayefaidi kuliko wote. Wewe jioni uliza swali moja tu: "Leo nani alishinda, kwa ngapi?" Usikubali jibu la jina peke yake.

"Msichana ana kazi za ndani." Hili nalijibu kwa ukali kidogo. Kaka yake anapopewa saa mbili za mpira na yeye anapewa sufuria, tofauti ya alama zao mwisho wa mwaka isikushangaze. Mpe naye robo saa ya mdako, kisha kaka aoshe vyombo.

"Wanacheza kamari." Mkiona vizibo vimegeuka kuwa faranga za kweli, simamisheni mara moja. Wazazi waliochelewa hapo wanajua kilichofuata.

## Makosa ninayoyaona kila mahali

- Kusahihisha kabla mtoto hajahakiki. Jibu likikutoka mdomoni, umemnyang'anya.
- Kumlinganisha na mwenzake mbele ya wenzake. Mchezo una mshindi tayari, usimwongezee aibu.
- Kufundisha jipya kila siku. Mchezo mmoja kwa mwezi mzima unazidi michezo saba kwa juma.
- Kumpeleka kwenye namba kubwa kwa sifa. Anayetaja 1,000 lakini hajui 8 inataka ngapi ifike 10, bado yuko mwanzoni.
- Kuendelea wakati watoto wamechoka. Mchezo uachwe ukiwa bado mtamu.
- Kumtumia mtoto mwepesi ajibu kwa niaba ya wote. Mpe yeye kazi ya kuandika pointi, na kinywa chake kitafungwa kwa heshima.

## Lini uwe na wasiwasi

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na mwaka mmoja wa kuchelewa si ugonjwa. Lakini kama mtoto wa miaka saba au minane, baada ya miezi kadhaa ya michezo hii, bado hawezi kuhesabu vitu kumi akavigusa kimoja kimoja, au anasogeza vizibo karibu na uso ili avione, au anaangalia midomo ya wenzake kabla ya kujibu, usimwite mvivu wala usimchape. Mpeleke kituo cha afya apimwe macho na masikio kwanza, kisha nenda ukamwambie mwalimu wake ulichoona na uombe akalishwe dawati la mbele.